Matundu Matatu

Bati lilikuwa linalia, na hiyo ndiyo sababu yote. Kila nilipowasha gari asubuhi, kabla injini haijapata joto, kitu fulani chini ya boneti kilitoa sauti ya kijiko kinachotikiswa ndani ya sufuria tupu. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa ameshaniambia mara mbili, kwa upole wa mtu anayekaribia kuishiwa na upole, kwamba mtoto wake huamka. Basi Jumamosi moja nikaenda Grogan. Jina rasmi la barabara hiyo ni Kirinyaga, lakini sijawahi kusikia mtu akisema anaenda Kirinyaga kutafuta spea.

Fundi alifunua boneti, akagonga hapa na pale kwa mpini wa bisibisi, akalipata. Lilikuwa bati lililokunjwa kufuata umbo la tabo, limeshika kutu. Lilipaswa kushikwa na skurubu tatu. Moja ilishadondoka zamani, na mbili zilizobaki zilikuwa zimelegea kwa kuwa meno yake yamelika. Akaniuliza kama alikaze au alitoe. Kulikaza kungehitaji kuchonga meno upya na kutafuta skurubu zinazostahimili moto. Kulitoa kungechukua dakika tano.

"Litoe tu," nikasema.

Sina wa kumlaumu. Yeye aliuliza, mimi nikajibu. Tena sikuwa mtu asiyejua. Nilikaa chuoni miaka mitano nikisomea uhandisi wa mitambo, na katika mwaka wa tatu nilifanya mtihani mzima kuhusu namna joto linavyosafiri. Nilijua bati lile ni ngao. Nilijua pia kwamba kwenye foleni za kwenda kazini na kurudi, lisingekosekana sana. Ambalo sikulifikiria ni kwamba miezi minne baadaye ningelipeleka gari lile uwanjani.

Gari ni Subaru Impreza ya buluu, injini ya lita 2.0, gia za mkono. Lilishuka Mombasa likiwa limeshatumika Japani, kama magari mengi tunayonunua. Nililipata kwa mkopo wa Sacco ambao bado naulipa. Anayetaka kujua kwa nini msichana wa Kayole ajitie deni kwa ajili ya Subaru, awaulize wazee wanaokumbuka Colin McRae akishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Mimi nilikuwa mtoto, lakini sauti ile ya injini inayokoroma kama mtu aliyelalia ubavu mbaya ilibaki masikioni mwa nchi, na hadi leo gari la aina hiyo likipita mtaani watoto huacha mpira wakaangalia.

Mdogo wangu naye alikuwa kati ya watoto hao. Ana miaka 21, anasomea uhasibu, na tangu ninunue gari amekuwa akija kwangu kila Ijumaa na mfuko wa nguo chafu na maswali. Nilimfundisha kubadilisha oili. Nilimfundisha kupima upepo wa magurudumu. Na usiku wa kuamkia siku yetu ya kwanza uwanjani, nilimfundisha kutoa hewa kwenye breki: mimi nimekaa ndani nakanyaga pedali, yeye amelala chini na spana, anafungua nati, anafunga, anafungua, anafunga, hadi mapovu yanakwisha. Magurudumu mawili ya nyuma niliyafanya mimi. Ya mbele alisema anataka kuyafanya peke yake. Nikamwachia.

*

Niieleze tabo kidogo, kwa kuwa kila kilichofuata kilitoka hapo.

Tabo hula moshi. Moshi unaotoka kwenye injini hupitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapezi, ukalizungusha. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa ufito na jingine, na hilo la pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli huzidi, na nguvu huzidi. Ufito huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Moshi unaouzungusha, injini ya petroli ikikanyagwa hadi mwisho kwa muda mrefu, unaweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Ndiyo maana upande wa moshi wa tabo hutengenezwa kwa chuma kisichoogopa moto, na ndiyo maana usiku, gari likitoka kukimbizwa, unaweza kuuona ukiwaka kwa rangi ya kaa la jiko.

Barabarani tabo hufanya kazi kwa vipindi. Unalipita lori, sekunde sita, basi, unaachia mafuta, inapumua. Uwanjani hakuna kupumua. Unatoka kona ukikanyaga, unafika kona nyingine, unafunga breki, unakanyaga tena. Dakika kumi za namna hiyo huweka chini ya boneti joto ambalo safari ya Nairobi hadi Nakuru haiwezi kuliweka. Kisha ongeza mwinuko. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ishindilie kiasi kile kile. Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayotakiwa kupita na kubeba joto kulitoa nje.

Katika Impreza zenye usukani wa kulia kama zetu, tabo hukaa nyuma ya injini upande wa kulia. Kwenye pembe hiyo hiyo, umbali wa mkono uliokunjwa, kuna masta silinda ya breki, na juu yake kikopo cha plastiki chenye mafuta ya breki. Kati ya hivyo viwili palikuwa na bati lililokuwa likilia.

*

Uwanja uko upande wa Athi River. Tulifika saa mbili asubuhi, na mdogo wangu alikuwa amevaa helmeti tangu Mlolongo. Mzunguko wa kwanza niliuendesha polepole, nikisoma kona. Wa pili nikaongeza. Wa tatu alikuwa akicheka kwa sauti, kicheko cha mtu anayeogopa na kufurahi pamoja, nami nikajiambia kwamba mkopo wote ule ulikuwa halali.

Katika mzunguko wa sita nilisikia harufu. Ilikuwa tamu kidogo, kama sukari iliyoungua. Nilidhani ni gari lililokuwa mbele yetu. Nikafika mwisho wa sehemu iliyonyooka, nikakanyaga breki, na pedali ikashuka chini kama mguu uliokosa ngazi gizani.

Nilipiga gia kutoka ya nne hadi ya tatu, hadi ya pili, injini ikapiga ukelele, gari likapita kona likaingia kwenye nyasi na kusimama ubavu kwa ubavu na magurudumu ya zamani yaliyopangwa pale kwa ajili ya wapumbavu kama mimi. Hakuna aliyeumia. Kisha moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye tundu la boneti.

Hapa nisema jambo ambalo natamani ningelisema kabla. Ukiona moshi unatoka kwenye injini, usifungue boneti ukaiinua yote. Moto uliokuwa ukihangaika kutafuta hewa unaupa hewa. Unavuta kile kishikizo cha ndani ili boneti iachie kidogo tu, unasukuma mdomo wa mtungi wa kuzimia moto kwenye ule upenyo, unapuliza. Mimi nilijua hayo. Mdogo wangu hakujua. Wakati nikihangaika na mkanda, yeye alikuwa ameshatoka, amezunguka mbele, ameinua boneti, na ulimi wa moto ukamlamba mkono wa kulia kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Watu wa uwanja walifika na mtungi katika muda ambao nadhani haukuzidi nusu dakika. Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Walimwagia mkono wake maji ya chupa, moja baada ya nyingine, na daktari aliyekuwepo akaufunga na kusema twende hospitali. Njiani, ndani ya gari la mtu mwingine, mdogo wangu aliniambia kitu kimoja tu.

"Dada, ni ile nati ya mbele kushoto. Sikuikaza vizuri."

Nikamwambia anyamaze apumzike. Hilo si jibu, na sote wawili tulilichukua kama jibu.

*

Jioni ile nilirudi na gari la kuvuta kulichukua Subaru. Niliwasha tochi ya simu nikachungulia. Nati zote nne za breki zilikuwa zimekazwa barabara. Niliziangalia mbele kushoto kwanza, kisha nyingine, kisha tena mbele kushoto. Hakukuwa na tone.

Halafu nikamulika kikopo cha mafuta ya breki. Upande unaotazama usukani kilikuwa kizima, cheupe, namba zake zinasomeka. Upande unaotazama tabo kilikuwa kimelegea na kujikunja ndani kama shavu la mzee, na pale chini, kinapokaa juu ya masta silinda, palikuwa na mwanya wa kupitisha ukucha. Mafuta yalivujia hapo. Yaliangukia kwenye tabo yenye moto, yakafuka, yakawaka. Hewa ikaingia mahali pa mafuta, na pedali ikakosa cha kusukuma.

Nililing'oa kopo lile. Nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikalitia mkobani. Jumatatu nikanunua jingine Grogan, kutoka gari la aina hiyo hiyo lililochinjwa, na masta silinda mpya, nikafunga mwenyewe usiku. Mdogo wangu alipokuja Ijumaa na bandeji yake, hapakuwa na cha kuona.

Alinyoosha mkono wa kushoto akagusa nati ya mbele kushoto. Hakusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama na vikombe viwili vya chai. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kusema. Nikamuuliza kama anataka sukari.

Wiki tatu zilipita hivyo. Aliacha kuuliza maswali. Alinikabidhi spana aliyokuwa amejinunulia, akasema hana haja nayo kwa sasa, mitihani imekaribia. Nami nikaipokea.

*

Baba ni fundi wa majiko Kamukunji. Kwa miaka zaidi ya 30 amekuwa akikata madebe na mapipa ya mafuta, akiyakunja kuwa majiko ya makaa, yale yenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani. Ada yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye majiko hayo. Chuoni, watu walipoulizana wazazi wao wanafanya nini, nilikuwa nasema baba yangu yuko kwenye biashara ya vyuma. Hilo nalo halikuwa uongo kamili, na nadhani hapo ndipo nilipojifunza namna yangu ya kudanganya.

Mama ndiye aliyemwambia habari za mkono. Jumapili moja nilipoenda Kayole, Baba alitoka nje akasimama mbele ya gari.

"Fungua, Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake.

Hajui injini na hajifanyi anajua. Alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Akauliza moto uko wapi. Nikamwonyesha tabo. Akauliza umewahi kufika wapi. Nikamwonyesha kikopo. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye mwili wa tabo, taratibu, kikasimama mahali patatu.

"Hapa palikaa nini?"

"Bati."

"Nani alilitoa?"

"Mimi."

Alinyooka. Dirishani, mdogo wangu alikuwa akionekana akila kwa mkono wa kushoto.

"Huyu anajua?"

Nikatikisa kichwa.

Baba alipangusa kidole chake kwenye suruali. "Bati nitakutengenezea," akasema. "Hilo lingine si kazi ya bati."

*

Nilikaa naye Kamukunji Jumamosi mbili. Sikuwa nimekaa kwenye banda lile tangu nikiwa darasa la saba. Kelele ni zile zile, nyundo mia zinazopigana bila kusikilizana. Mahali pake ni pale pale, ukuta wa mbao unaomtenga na jirani. Na kwenye ukuta huo, nyuma ya jiko analochemshia chai, kulikuwa na kitu nilichokiona utoto wangu wote bila kukiangalia. Ni bati jeupe lililopigiliwa kwenye mbao, lakini halikuzigusa. Kati ya bati na mbao alikuwa ameweka vipande vifupi vya bomba, urefu wa kifundo cha kidole, kila kona kimoja. Chini palikuwa wazi. Juu palikuwa wazi.

"Ungelibandika ukutani?" nilimuuliza.

"Nililibandika mwaka wa kwanza. Ukuta ukawa mweusi."

Chuoni tulifundishwa kwamba joto lina njia tatu. Hupita ndani ya kitu kigumu, kama kwenye mpini wa kijiko. Hubebwa na hewa au maji yanayosogea. Na huruka lenyewe, kama mwanga, bila kuhitaji cha kulibeba. Ile ya tatu ndiyo inayotisha karibu na tabo, kwa sababu haikui kwa hesabu ya kawaida. Hufuata kipeo cha nne cha halijoto, ikihesabiwa kutoka sifuri halisi. Tabo ikipanda kutoka nyuzi 450 hadi 900, joto linaloruka kutoka mwilini mwake huongezeka karibu mara 7. Bati linalong'aa hulirudisha sehemu kubwa. Kidogo kinacholiingia hulipasha bati lenyewe. Bati likigusa ukuta, linaupitishia ukuta. Bati likiachiwa nafasi, hewa iliyo katikati hupata moto, hupanda, hutokea juu, na nyingine baridi huingia kutoka chini. Ukuta wa Baba ulikuwa mweupe kwa miaka 30 kwa sababu hiyo, na hakuwa amefanya mtihani wowote.

Wazo lake la kwanza kwa gari lilikuwa udongo. Jiko lake hutunza moto kwa udongo, na katikati ya udongo na bati huweka saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, yale mawe mepesi yanayometameta. Nilimweleza kwamba zipo blanketi za tabo zinazofanya kazi hiyo, zimeshonwa kwa nyuzi zinazostahimili moto, na kwamba zinasaidia, ila lazima zifunike upande wa moshi tu. Katikati ya tabo hupita oili na maji ya kuipoza. Ukiifunika hapo, oili inaweza kuungua ikawa mkaa ndani ya mishipa. Alisikiliza. Nikamweleza pia kuhusu watu wanaozungushia bomba la moshi bandeji ya nyuzi za kioo, na kwamba bandeji hushika unyevu, na bomba la chuma cha kawaida huoza chini yake bila mtu kuona.

"Kama kidonda," akasema.

"Kama kidonda."

Nikamwambia kuhusu gari la McLaren F1 la miaka ya 1990, lililofunikwa kwa karatasi ya dhahabu ndani ya chumba cha injini, kwa kuwa dhahabu hurudisha joto vizuri mno. Akacheka hadi akaweka nyundo chini. Akasema dhahabu aliyo nayo ni jino moja na bado analihitaji.

Tulitengeneza ngao mbili. Ya kwanza ni ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu inakaa karibu kabisa na tabo na alumini ingelegea hapo. Aliikunja kwa nyundo ya mbao juu ya bomba, bila kupima, akijaribu na kurudi, na mara ya nne ikakaa. Ya pili ni ya alumini, imesimama kati ya tabo na kikopo cha breki, na kati yake na masta silinda aliweka vipande vile vile vya bomba. Chini wazi, juu wazi. Mimi nilichonga meno upya kwenye matundu matatu. Kazi ambayo Grogan niliiona ni ndefu mno ilinichukua saa moja na robo.

*

Mengine niliyafanya mwenyewe. Niliuvisha mpira wa klachi soksi ya nyuzi za kioo. Nilichungulia ule mpira unaofunika grisi ya ekseli ya kulia, upande wa ndani, kwa kuwa bomba la moshi hushuka karibu nao na katika magari haya hupasuka kabla ya wenzake. Ulikuwa umeanza kukauka, nikaubadilisha. Nilimwaga mafuta yote ya breki nikaweka ya DOT 5.1. Yakiwa mapya, mafuta ya DOT 4 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, na haya hayaruhusiwi chini ya 260. Lakini yote hunywa unyevu kutoka hewani, na baada ya muda kiwango hicho hushuka sana, kwa hiyo kopo lililofunguliwa mwaka jana halifai.

Niliacha pia shauri la rafiki aliyetaka niinue nyuma ya boneti kwa washa ili joto litoke. Gari likienda kasi, hewa hujikusanya chini ya kioo cha mbele na kusukuma, kwa hiyo upenyo ule unaweza kuingiza hewa badala ya kuitoa. Hutoa joto gari likisimama, basi.

Hatimaye nilinunua stika ndogo za kupimia, zenye viboksi vinavyogeuka vyeusi joto likipita kiwango fulani na haviwi vyeupe tena. Nilibandika moja ubavuni mwa kikopo, upande wa tabo. Hilo nalipenda katika stika hizi: jambo likitokea, limetokea.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kikabaki kile ambacho si kazi ya bati.

*

Nilikwenda Kayole siku ya Jumatano, jioni, wakati Mama yuko kanisani. Mdogo wangu alikuwa mezani na vitabu vyake. Bandeji ilishatolewa, ngozi mpya ilikuwa ya waridi na inang'aa. Nilitoa mfuko wa plastiki mkobani nikaweka kile kikopo juu ya daftari lake.

Alikigeuza. Aliangalia upande mzima. Akaangalia upande uliokunjika. Yeye ni mwepesi wa kuelewa.

"Hiki kilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

Nikamweleza bati, jirani, Grogan, dakika tano. Nikamweleza nati zote nne nilizozikuta zimekazwa. Niliposema nati ya mbele kushoto, alinyanyua mkono wenye kovu, nikadhani ananizuia nisiendelee, kumbe alikuwa anafuta uso.

"Kila usiku," akasema, "naihesabu ile nati. Nimeizungusha mara ngapi. Nafika mara tatu, nasinzia, naanza upya."

Nilimwomba msamaha. Hakusema ametoa wala hajatoa. Alinirudishia kikopo, akafungua daftari, na baada ya muda nikaelewa kwamba anangoja niondoke.

*

Tulirudi Athi River miezi miwili baadaye. Nasema tulirudi, kwa kuwa alikuja. Alikuja kwa matatu, peke yake, akasimama nyuma ya uzio na hakuniomba helmeti. Baba naye alikuja, na kofia yake ya kanisani.

Niliendesha mizunguko mitano tu, kisha mmoja wa sita polepole, gia ya nne, bila kukanyaga, ili hewa ipite na oili na maji viendelee kubeba joto kutoka kwenye tabo. Nilipoegesha sikuzima injini mara moja. Ukiizima tabo ikiwa nyekundu, kila kinachozunguka ndani yake husimama, na joto halina pa kwenda ila kwenye vitu vilivyo jirani. Nilihesabu dakika tatu. Nikazima. Nikafungua boneti.

Bati lilikuwa likipoa, linatoa sauti ndogo, tik, tik. Baba alisikiliza kwa kichwa upande.

Mdogo wangu aliruka uzio. Alikuwa na spana mfukoni, ile ile, ambayo nilikuwa nimemrudishia bila neno kupitia kwa Mama. Hakunitazama. Alizigusa skurubu tatu za ngao moja moja, akajaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilikuwa zimekaza. Akainama akasoma stika: kiboksi cha 82 kilikuwa cheusi, cha 88 cheupe.

Tukangoja. Hakuna aliyezungumza. Upepo wa Athi River uliingia chini ya boneti ukatokea upande wa pili na harufu ya chuma moto, bila utamu wowote ndani yake.

Kisha akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye kovu, akaweka kidole kwenye ubavu wa kikopo, upande unaotazama tabo. Nilitaka kumwambia angoje kidogo. Alikiacha hapo. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anahesabu.